Binti wa Kwanza na Ngome Inayotembea

Kuna vitabu tunavyosoma kwa kuwa sherti tuvisome, na kuna vingine tunavyosoma kwa furaha tu. Watu wazima wengi wanaona haya kusema kwamba wamefurahia hadithi ya vijana, yenye mapenzi na mambo ya ajabu ndani yake. Wanasema: hayo ni ya watoto. Sisi hatuoni haya. Tumesoma hadithi ya namna hiyo, tumecheka, tumekesha nayo, tena imetuachia neno la kufikiri. Basi tunataka kuwaeleza habari zake.

Kitabu chenyewe kiliandikwa na mama mmoja wa Uingereza, jina lake Diana Wynne Jones, aliyezaliwa London mwaka 1934 na kufariki mwaka 2011. Kilitoka mwaka 1986 kwa jina la Howl's Moving Castle, maana yake ngome ya Howl inayotembea. Wenye kusoma Kifaransa wakitafute kwa jina la Le Château de Hurle. Mwaka 2004 Hayao Miyazaki wa Japani alitoa sinema yake, na wengi wanaijua sinema kuliko kitabu. Sinema ni nzuri, lakini imegeuza mambo mengi. Anayetaka kumjua Sophie vizuri, asome kitabu.

Sophie huyu ni nani? Ni binti wa mwuza kofia katika nchi ya Ingary, nchi ambayo haimo katika ramani yo yote. Huko watu wote wanashika neno moja: katika watoto watatu, wa kwanza hana bahati. Akitoka kwenda kutafuta maisha, ataanguka mbele ya wengine, na vibaya kuliko wengine. Sophie ndiye wa kwanza, nao wadogo zake ni Lettie na Martha. Baba yao anapokufa na kuacha madeni, mama wa kambo anawatafutia wadogo mahali pa kujifunza kazi. Sophie anabaki dukani kupamba kofia. Hanung'uniki. Mimi ni wa kwanza, anasema moyoni, ndivyo ilivyo. Anakaa peke yake chumbani siku nyingi, mpaka anaanza kuongea na kofia. Hii anaitabiria mali, ile anaitabiria mume. Na kumbe, wanaozinunua wanapata bahati ile ile! Maneno ya Sophie yana nguvu, naye hajui.

Siku moja mwanamke mwenye uchawi mkali anaingia dukani, anamgeuza Sophie kuwa bibi kizee, tena anamfunga asiweze kumwambia mtu ye yote jambo lililompata. Hapo tulingojea machozi mengi. Lakini Sophie anajitazama katika kioo, anachukua mkate na jibini, anatoka mjini kwa miguu. Usiku unapokaribia, magoti yakimwuma, anaona ngome nyeusi yenye kutoa moshi ikitembea juu ya vilima. Ni nyumba ya Howl, kijana ambaye watu wanasema anakula mioyo ya wasichana. Bibi kizee anawaza kwamba moyo wake hautatamaniwa na mtu. Anaiamuru ngome isimame, anaingia, anaketi karibu na moto. Kesho yake anaanza kufagia bila kuajiriwa na mtu.

Hapo ndipo utamu unapoanza. Ngome ina mlango mmoja unaofungukia mahali pane, kadiri ya rangi iliyogeuzwa juu yake. Mekoni anakaa Calcifer, pepo wa moto, ambaye hakubali kupikiwa juu yake mpaka Sophie amkaripie. Howl mwenyewe ana uso mzuri na huruma ya siri, lakini anakwepa kila kazi ngumu, tena anakaa bafuni muda mrefu akijipamba. Siku moja rangi ya nywele zake inaharibika kwa kuwa Sophie amesafisha na kuhamisha vichupa vyake. Basi Howl anaomboleza kama kwenye kilio, mpaka ute wa rangi ya majani unatiririka mwilini mwake na kuenea nyumbani. Tulikuwa tukisoma kwa sauti jioni, tukigeuza kila fungu kwa Kiswahili. Watoto walicheka hata mama yao akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Akaketi, akasikiliza, ugali ukangoja.

Mtasema: na mapenzi je? Yamo, lakini hayasemwi katika kila ukurasa. Howl na Sophie wanagombana tangu asubuhi hata jioni, na katika kugombana huko kila mmoja anajua kasoro za mwenzake zote. Kisha tunasikia jambo ambalo Sophie hakulidhani: Howl alikwisha kutambua kwamba huyu bibi kizee ni msichana. Alijaribu mara nyingi, kwa siri, kumwondolea uchawi, asiweze. Mwishoni akafikiri kwamba Sophie mwenyewe anapenda kujificha humo.

Hapo tuliweka kitabu chini kidogo. Ulimi wa Sophie unatia uhai katika kofia, katika fimbo, hata katika sanamu ya kufukuza ndege shambani. Mwenye ulimi wa namna hiyo, akijiambia kila siku kwamba hana bahati, anapata kitu gani? Tunaona sisi kwamba alikuwa amejiloga kabla adui hajaingia dukani. Ndiyo maana, alipokuwa kizee, alipata ruhusa ya kusema. Msichana yule aliyeogopa watu barabarani siku ya sikukuu, sasa anagombeza kila mtu, na anajishangaa.

Kwetu Kongo habari hii haiko mbali. Mzaliwa wa kwanza, ambaye wengi wetu tunamwita yaya, akiwa binti anabeba mtoto mgongoni kabla hajamaliza kukua. Franka za masomo zikipungua, mara nyingi ni yeye anayebaki nyumbani. Tunamsifu: yaya ni mama wa pili. Sifa hiyo ni ya haki, lakini sifa nayo inaweza kufunga kama kamba. Binti anaisikia miaka na miaka, mpaka anajiambia kwamba mambo mema ni ya wadogo zake.

Mwandishi aliyajua haya. Yeye naye alikuwa wa kwanza katika mabinti watatu. Wazazi wake walikuwa watu wa elimu, lakini vitabu vya watoto vilikuwa haba nyumbani. Baba alinunua vitabu kadhaa vya mwandishi mmoja, akawapa kimoja tu kila Noeli, wagawane wote watatu. Basi Diana aliandika hadithi mwenyewe katika madaftari, akawasomea wadogo zake.

Wengine watauliza kama si hatari kusoma kitabu chenye uchawi. Swali ni la haki, kwani kwetu neno mlozi limeua watu. Mama wazee wamefukuzwa, wengine wameuawa, kwa sababu tu wana macho mekundu na wanakaa peke yao. Jambo hilo si la mchezo. Lakini kitabu hiki kinamtia msomaji ndani ya ngozi ya mama mzee. Anasikia mifupa ikilia, anaona wapita njia wasivyomtazama, naye anajua wakati wote kwamba ndani yuko Sophie. Aliyekaa humo kurasa zaidi ya 200, hatakuwa mwepesi wa kushika jiwe.

Mwisho hatuusimulii, tusiwaibie furaha. Tunasema hili tu, kwamba wapenzi hao wawili hawangojei maisha bila ugomvi, nasi tuliwaamini zaidi kwa sababu hiyo.

Kama nyumbani kwenu yuko yaya anayejua kusoma, mtafutieni kitabu hiki, au kingine cho chote cha kumfurahisha. Lakini kitabu peke yake hakitoshi. Mpokeeni na mtoto aliye mgongoni, walau kwa saa moja, apate kukifungua.