Habasoda na Vidonge vya Sukari



Katika darsa zetu za akina mama, swali la habasoda halikosi kuulizwa. Mwulizaji huwa na kichupa cha mafuta mkobani, na moyoni ana jambo zito zaidi: je, kumeza vidonge vya hospitali pamoja na habasoda si kuitilia shaka kauli ya Mtume (s.a.w.)? Tunamjua mama mmoja aliyeliona jambo hivyo. Aliacha vidonge vyake vya sukari kwa miezi kadhaa, akategemea mafuta peke yake, hata kidonda cha mguu kikamlaza kitandani. Imani yake ilikuwa timamu, ila hakuwa amepata wa kumweleza.

Hadithi ya habasoda ni sahihi. Wameipokea Imam Bukhari na Imam Muslim. Ama kuhusu maradhi yote yanayotajwa humo, Imam al-Khattabi alieleza kwamba ni tamko la jumla lililokusudiwa jambo mahususi, kwani hakuna mmea mmoja uliokusanya sifa za kukabili kila ugonjwa. Na katika Bukhari hiyo hiyo, Ibn Abi Atiq alipomzuru mgonjwa alielekeza punje tano au saba zisagwe, zichanganywe na mafuta, kisha zitiwe puani. Basi wema waliotangulia waliitumia kwa kipimo na kwa njia maalumu.

Wataalamu wa zama zetu nao wameipima. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa Al-Khobar, Saudi Arabia, kwa wagonjwa 94 wa kisukari. Waligawanywa makundi matatu, wakapewa gramu 1, 2 au 3 za habasoda kila siku kwa miezi mitatu. Waliopewa gramu 2 sukari yao ilishuka vizuri. Gramu 1 haikutosha, na gramu 3 hazikuongeza faida. Hiyo ni habari njema. Lakini tuzingatie kwamba wagonjwa hao wote waliendelea kumeza dawa zao za kila siku, na habasoda ikaongezwa juu yake. Anayeutaja utafiti huo kuwa hoja ya kuacha vidonge hakuusoma hadi mwisho.

Kwa hiyo, dada zetu, anayetumia habasoda amwambie daktari wake. Vyote viwili hushusha sukari, na ikishuka kupita kiasi mtu hutokwa na jasho, hutetemeka, na huweza kuzirai. Mjamzito naye asiitumie kwa wingi kabla ya kuuliza.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na mwenye kumeza kidonge kwa bismillahi yumo katika kuitii amri hiyo sawa na mwenye kutafuna habasoda. Shifaa ya vyote viwili yatoka kwa Mola mmoja. Tunamwomba awaponye wagonjwa wetu. Wallahu aalam.