Juu ya Mabonde ya Umatengo

Ukisikia ndege usifikirie ile kubwa ya kwenda Dar es Salaam. Hii ilikuwa Cessna 206, yenye viti sita pamoja na cha rubani. Kabla ya kupanda kila mmoja alipimwa uzito na mkoba wake, mbele ya watu (akina mama mtanielewa). Rubani alitueleza kwamba kadiri ndege ipandavyo hewa huwa nyepesi na injini hupungukiwa nguvu, kwa hiyo kila kilo huhesabiwa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Juni, asubuhi na mapema, kiwanjani Songea. Mwenye ndege ni rafiki wa mume wangu, naye ndiye rubani. Alitualika tuzunguke naye: Mbinga, kisha Ruanda, tufuate bonde hadi Ziwa Nyasa, turudi kabla jua halijawa kali. Ardhi ikishapata joto, ndege ndogo hurushwarushwa kama daladala kwenye makorongo. Mama mkwe wangu anakaa Ruanda, na alikuwa ameambiwa atoke nje atuone tukipita.

Juu ya Mbinga nilisahau hofu. Ngoro za Wamatengo nilizijua kwa jembe tu tangu nilipoolewa. Kutoka angani ni kama sega la asali lililotandazwa mlimani. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo katikati na kuyafunika. Maji ya mvua hutulia mashimoni badala ya kuchukua udongo, nayo majani yakioza huwa mbolea ya maharage, na baadaye mahindi. Nilianza kuhesabu mashimo ya mteremko mmoja, nikaacha. Kila moja wapo mwanamke aliyeliinamia.

Bondeni rubani hakupita katikati. Aliambaa na upande mmoja, ili akitaka kugeuka awe na upana wote wa bonde. Upepo wa kusini-mashariki ukishavuka mgongo wa mlima, alisema, humwagika upande wa pili kama maji, na huweza kuivuta ndege chini. Ndiyo maana mgongo huvukwa kimshazari, si kwa kuuelekea moja kwa moja.

Kuelekea Ruanda tulikuta wingu limelala juu ya milima kama pamba.

“Kaka, si tupite chini yake?” mume wangu aliuliza. “Mama anatusubiri.”

“Chini yake kuna mlima, ndugu yangu, na mimi siuoni.”

Akageuza ndege wakati bonde bado ni pana. Mume wangu alinyamaza kimya cha mtoto wa mama. Mimi niliwafikiria watoto watatu tuliowaacha kwa dada yangu, nikamshukuru Mungu kwa rubani asiyeona haya kurudi.

Ndege kama hizi zimekuwa zikiwafikia wagonjwa tangu zamani. Madaktari warukao wa AMREF walianza kazi yao mwaka 1957. Mama mkwe wangu ni wa kizazi cha uzazi wa machela, kilichobebwa mabegani kupanda na kushuka milima hii.

Upande wa Mbamba Bay kulikuwa kweupe. Milima inayokaribia mita 2,000 inashuka hadi ziwa lililo kwenye mita 475 hivi, nalo lina kina cha mita 700 hivi. Mbali majini ulipanda moshi mweusi. Nikadhani meli inaungua, kumbe ni wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni.

Jumapili tulikwenda Ruanda kwa gari, tukipitia Kitai, nyuma ya malori ya makaa ya mawe. Mama alikuwa amekwisha chemsha maji ya kuoga.

“Niliusikia mlio,” alisema, “halafu ukaenda zake. Nikajua huyo rubani ana mama yake.”

Kisha akataka kujua kama maharage ya Mbinga yamekomaa.