Shamba Lililogeuka Mark II, na Mikoko Mingine ya Barabara ya Bagamoyo

Ukitaka kugombanisha wazee wa Bagamoyo, achana na Simba na Yanga. Kaa nao barazani pale Dunda, agiza kahawa, halafu uliza gari la nani lilikuwa la kwanza kulala mtaani kwao. Utatajiwa Land Rover tatu, Peugeot mbili na lori moja la chumvi, na kila mmoja ataapa ni lile analolisema yeye. Ushahidi hakuna, maana magari yenyewe hayapo. Upepo wa bahari umeshayala.

Watoto wa mjini wakinunua gari wanaangalia kilomita na rangi. Watu wa pwani wanaangalia uvungu. Fundi wa Bagamoyo hawezi kusifia mkoko wako kabla hajalala chini yake na kugonga chasisi kwa bisibisi, huku ametega sikio. Bisibisi ikilia, sawa. Ikizama, pole sana. Gari linalolala karibu na bahari linaoza chini huku juu linang'aa. Unapiga puti, unapuliza rangi, unaposti, washkaji wanaandika "bonge la ndinga", na siku hiyohiyo ukinyanyua kapeti unaona barabara.

Land Rover 109 ndiyo iliyodanganya watu muda mrefu kuliko zote. Bodi yake ni aluminiamu, haipati kutu ile nyekundu, kwa hiyo mwenye nayo alijiona yuko salama. Lakini chasisi ni chuma. Dereva mmoja mstaafu wa serikali alinunua ya kwake mnadani mwanzoni mwa miaka ya 80. Akaitunza kama yai, akaipaka rangi kwa brashi kila Idi, mpaka siku ilipokatika katikati ikiwa imebeba watu wa harusi. Ikakaa chini kama ngamia. Bibi harusi alimaliza safari kwa baiskeli, na wanaosimulia wanasema hakulia, alicheka mpaka wanja ukamtiririka.

Land Rover hiyo haikuwa na selfu. Mzee aliilaza kwenye mteremko unaoshuka baharini, na asubuhi vijana walikuja kusukuma bila kuitwa. Leo mwambie kijana akusukumie gari uone atakavyokuangalia. Enzi zile aliyesukuma alipanda.

Halafu kulikuwa na ile sheria ya Jumapili. Kwa sababu ya shida ya mafuta, gari binafsi lilikuwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sasa piga picha mtu katoka Dar kuja kumsalimia mama yake, kilomita kama 70 za mashimo na mchanga, amefika saa tano, pilau linaiva saa saba. Anakulaje? Wengi waliondoka na pilau lao kwenye bakuli lililofungwa kwa kanga, wakimbizane na saa.

Mzee wa Land Rover aliivunja sheria hiyo mara moja tu. Jumapili usiku, mke wa jirani akiwa na uchungu tangu alfajiri, mkunga akasema huyu apelekwe Dar. Njiani askari wakawasimamisha. Mmoja akamulika nyuma na tochi, akaona kilichokuwa kinaendelea, akazima tochi na kufungua njia bila kuuliza kadi wala leseni. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika Tegeta. Sasa ni mama mtu mzima, na mtaani bado wanamtania kwa jina la gari.

Ndiyo maana ukiwasikia wazee wanavyolizungumzia gari unaweza kudhani wanamzungumzia mtu. Hawakuambii lilikuwa na mbio kiasi gani. Wanakuambia lilimbeba nani.

Peugeot 504, Pijo kwa wenyewe, ilikuja na ustaarabu wake, siti laini na mwendo wa kuelea. Watu wa ngoma waliipenda, hasa pikapu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hii TaSUBa ya sasa, kilianza mwaka 1981, na wapo wakongwe wa sanaa wanaokumbuka kusafiri wamekaa juu ya ngoma zao nyuma ya Pijo, wakishuka Dar na vumbi mpaka kwenye kope, na jioni hiyohiyo wanapanda jukwaani. Msanii wa leo akikosa AC anaghairi shoo.

Baadaye milango ikafunguliwa, mitumba ya Japani ikamiminika, na hapo Watanzania wakaanza kazi wanayoiweza kuliko taifa lolote: kubatiza magari. Corolla ikawa DX, halafu Limited. Carina ikawa "Ti my road". Hiace ikawa kipanya, Suzuki Carry ikawa kirikuu. RAV4 ikaitwa Kilitaimu, na iliyoifuata ikaitwa Miss Tanzania. Harrier nayo wakaipa lile jina la tako la nyani ambalo hutakiwi kulitamka mbele ya mama mkwe, na bado mama mkwe analijua. Majina haya hayapo kwenye kadi yoyote ya gari, lakini nenda kauze gari bila kulitaja kwa jina lake la mtaani uone kama dalali atakuelewa.

Na Mark II ya baluni. Hii ndiyo iliyovunja nyumba za watu.

Ili kuelewa, rudi Machi 2013. Rais Xi Jinping wa China alikuja Tanzania, na kati ya mikataba iliyosainiwa Dar ulikuwemo wa bandari kubwa ya Bagamoyo, kule Mbegani. Habari ikaenda kasi kuliko bodaboda. Ghafla mashamba ya minazi na mikorosho ya Zinga, Kiromo na Kerege, ambayo vijana walikuwa wanayakimbia kwa sababu ya mbu, yakawa yanaulizwa na watu wenye miwani ya jua. Madalali wakaota kama uyoga. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti ya mradi ule hayakubaliki, na 2021 Rais Samia akatangaza kuufufua. Lakini wakati wakubwa wanajadiliana, mashamba yalikuwa yanaendelea kuuzwa, na pesa za mashamba zilikuwa zinatembea kwa miguu minne.

Familia moja ya Kiromo ilikuwa na shamba la marehemu baba. Watoto wawili, kaka na dada mdogo wake, na mama yao. Wakauza. Waligawana kwa taratibu za mirathi, kaka akapata mara mbili ya dada, na hilo halikuwa na ugomvi. Ugomvi ulianza kaka aliposema anataka gari.

"Kaka, gari ya nini? Nunua kiwanja kingine huko ndani, Kiwangwa," dada alimwambia.

"Kiwangwa nitaendaje bila gari?"

Jibu la kuchekesha, lakini kwake halikuwa utani. Alikuwa na miaka 26, hajawahi kumiliki kitu kinachozidi simu. Kila wikiendi anawaona watu wa Dar wanashuka ufukweni na milango wazi, muziki juu, wanakula bata kwenye mchanga aliozaliwa nao. Akanunua Mark II, namba B, nyeupe, silinda sita. Mtu anayetoka kwenye baiskeli kwenda kwenye silinda sita ni kama mtu anayejifunza kuogelea kwa kurukia kilindini.

Miezi mitatu ya kwanza, raha tupu. Hakuna harusi iliyopita bila baluni lile, tena bure, mafuta tu. Alikuwa anapiga misele Bagamoyo hadi Msata, zile kilomita 64, anarudi, basi tu, kwa sababu lami ilikuwa mpya na usiku hakuna mtu. Wasichana walimjua kwa sauti ya ekzosi. Marafiki walikuwa wengi kiasi kwamba mama yake alianza kupika sufuria kubwa.

Mwezi wa nne ikaanza kuchemsha. Rejeta, akabadilisha. Kisha gasketi. Kisha fundi wa gereji bubu akamwambia injini ifunguliwe, na injini ikishafunguliwa chini ya mwembe huwa hairudi vilevile. Ikawa inatembea wiki moja, inalala mbili. Marafiki nao wakaanza kulala. Ndani ya mwaka wa pili akaisukumia uani kwa mama yake, akaiweka juu ya mawe ili matairi yasioze, akasema anasubiri spea.

Kilichouma zaidi ni kwamba gari lililokufa liliendelea kudaiwa. Kipindi hicho kulikuwa na rodi laisensi ya kila mwaka, na mfumo hauulizi kama linatembea au linatagiwa mayai na kuku. Deni likapanda kimyakimya mpaka 2017 serikali ilipoifuta ada hiyo na kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Kwa hiyo akahamia upande wa pili. Alikuwa ameanza kuendesha bodaboda ya bosi, na sasa anailipa ile 40 kila akijaza tangi la chombo kisicho chake. Kila siku anapita kwenye ukuta mrefu uliojengwa pale palipokuwa na minazi ya baba yake. Abiria wageni huuliza, "Hapa kwa nani hapa?" Anajibu, "Kwa mzungu," ingawa mwenyewe si mzungu.

Hapo ndipo rahisi kumcheka, na mtaa ulimcheka vya kutosha. Dada yake hakucheka. Yeye fungu lake alilitia kwenye kiwanja cha 20 kwa 20, akasimamisha vyumba viwili vya wapangaji, akauza madera mtandaoni, akanunua IST namba D ambayo mchana inafanya kazi ya abiria wa programu za simu mjini na Ijumaa inarudi Bagamoyo. Kwa hesabu yoyote ya kalamu, yeye ndiye aliyeshinda. Ila kwenye ile familia kuna jambo lisiloingia kwenye kalamu.

Usiku mmoja kwenye ule mwezi wa tano wa baluni, mama yao alianguka msalani. Presha. Ilikuwa saa tisa, hakuna bajaji, hakuna simu inayopokelewa. Kaka akamwagia gari maji, akaliwasha, akamlaza mama siti ya nyuma, na kwa kuwa rejeta ilikuwa inavuja alisimama Mapinga, akasimama Bunju, akasimama Mwenge, kila mahali anamimina maji na kuomba dua. Wakafika Muhimbili gari likitoa moshi kama treni. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu. Wiki mbili baadaye alilirudisha tena, mama akiwa amekaa mbele, anapunga mkono kwa watu wa Kerege kama mgeni wa serikali.

Hiyo ndiyo safari ndefu ya mwisho ya Mark II ile.

Kwa hiyo dada akianza hesabu zake za shamba, mama humkatisha: "Mwanangu, shamba lile lisingenibeba." Dada naye ana jibu, kwamba kipande kidogo cha hela ile kingekodi gari la kukaa mlangoni mwezi mzima. Ni kweli. Na mama anajua ni kweli. Lakini hakuna aliyekodi, na usiku ule aliyekuwa na ufunguo mkononi ni mmoja. Kaka mwenyewe huwa hasemi kitu, anaenda kuiosha IST ya mdogo wake bila kuombwa, ndani na nje, na anaingia uvunguni na bisibisi kuangalia chumvi imefika wapi.

Mtu wa skrepa alikuja mara tatu na mizani yake. Mara ya kwanza alifukuzwa. Mara ya pili kaka alimwambia kuna injini inakuja kutoka Ilala, asubiri. Mara ya tatu, mwaka jana baada ya masika, chasisi ilikuwa imekatika juu ya mawe na kuku wamehama. Wakakubaliana kwa kilo. Kaka akafungua namba za mbele na nyuma, akaziingiza ndani chini ya godoro. Vijana wa skrepa walipoanza kukata, mama akatoka na mkongojo.

"Siti ya nyuma muiache."

"Bi mkubwa, hii nayo ina chuma ndani."

"Punguzeni kilo zake."

Wakapunguza. Siti ipo barazani mpaka leo, imevishwa kitenge, na Ijumaa dada akifika hapo ndipo anapotupa mkoba wake. Mikanda yake bado inafunga. Watoto wa wapangaji hujifunga wanne kwa pamoja, mmoja anashika mfuniko wa sufuria, na ukiwauliza wanaenda wapi wanasema Msata.