Bei ya Silaha

Silaha ya kubuni, hata ile ya mchezoni, hutufundisha mengi juu ya aliyeibuni. Jambo hili nimelitafakari tangu mjukuu wangu, mwanafunzi wa sekondari, aliponitaka nimsaidie kuongeza silaha mpya katika mchezo wake. Unaitwa Dungeons & Dragons, na ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajifanya shujaa wa hadithi. Mwenzao mmoja husimulia na kuamua, na dado huleta bahati.

Katika kanuni za kwanza silaha zote zilijeruhi sawasawa, kwa dado la nyuso 6. Kanuni za nyongeza za mwaka 1975 zikazitenganisha. Katika toleo la 2014 jambia hupewa dado la nyuso 4, na shoka kubwa la nyuso 12. Lakini shoka hilo hutaka mikono miwili, hivyo mwenyewe hawezi kushika ngao. Jambia nalo, dogo lilivyo, laweza kurushwa. Hapo ndipo ilipo hekima ya mchezo: kila nguvu ina bei yake.

Kijana alileta orodha ndefu: upanga uwakao moto, mkuki usiokosa, upinde usioishiwa mishale. Kwa kila silaha nilimwuliza swali moja tu: mwenye nayo analipa nini? Mkuki usiokosa huua mchezo kabla ya kumwua adui, maana dado halina kazi tena. Tukaugeukia mshale wa sumu wa wawindaji wetu. Kichwa chake huviringishiwa ngozi, ili sumu isikauke wala isimdhuru mwindaji mwenyewe. Basi tukaandika kwamba kuifungua ngozi hiyo kunagharimu zamu moja. Silaha ikawa nzuri mara moja.

Kisha akaandika neno moja: maji.

Alitaka maji ya Kinjikitile Ngwale, yageuzayo risasi kuwa maji. Hapo, ndugu msomaji, nilikaa kimya kitambo. Mwaka 1905 maji yale yaligawiwa kutoka Ngarambe kwa watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu. Tarehe 30 Agosti waliishambulia boma la Mahenge, na bunduki za rashasha za Wajerumani zikawafyeka. Baadaye mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Nilimwambia bei hiyo haiandikiki kwa dado.

Akanijibu kwa adabu, "Babu, ndiyo maana nayataka. Humu mchezoni, angalau mara moja, yafanye kazi."

Miaka yangu yote ya kufundisha walimu, na baadaye kuwa mkuu wa chuo, niliwahimiza wasikilize jibu wasilolitarajia. Hili lilikuwa mojawapo. Hata hivyo sikukubali risasi ziyeyuke, kwa kuwa waliokufa hawakuwa wahusika wa hadithi. Tuliafikiana hivi: anayenyunyiziwa maji haogopi tena, na majirani waliokuwa hawapatani husimama naye bega kwa bega. Risasi hubaki risasi.

Alilinakili kwa mwandiko wake mzuri, chini ya mshale wa sumu. Mahali pa bei aliandika: wote walionyunyiziwa.