Tangu Nilipoanza Kuisikiliza Indiketa

Nimefundisha sayansi kimu hadi nikastaafu, na nyuzi nilizozijua ni za cherehani. Nyaya za gari zilikuwa za marehemu kaka yangu. Alipotutoka akaniachia Corolla yake ya mwaka 1993, na mimi nikamwachia fundi. Kazi yangu ikawa kusimama pembeni na pochi: akisema flasha imekufa, nanunua flasha; akisema ni wayaringi, natoa hela ya wayaringi. Siku hizi sivyo, na kilichonibadilisha ni indiketa ya kushoto.

Ilianza kwenda mbio. Ya kulia inapiga taratibu, ya kushoto kama inafukuzwa na nyuki. Fundi akabadilisha flasha, mbio zikabaki pale pale. Akaweka nyingine, eti ile ilikuwa feki. Mbio zikaendelea, nami nimelipia zote mbili. Na huku Tanga, ukishika barabara ya Segera, trafiki hana utani na taa; faini inakungoja.

Kijana wa jirani anayesomea umeme wa magari ndiye aliyeniuliza: "Shikamoo mwalimu. Umeshalizunguka gari ukaangalia taa moja moja?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Tukazunguka. Ya mbele inawaka, ya ubavuni inawaka, ya nyuma kimya. Akanieleza kwamba flasha ya gari kama langu hupima mzigo. Glopu ya mbele na ya nyuma ni wati 21 kila moja. Moja isipovuta umeme, mzigo unapungua karibu nusu, na flasha inaongeza kasi makusudi ili dereva ajue. Mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 120 kwa dakika, unaweza kuyahesabu kwa saa ya mkononi. Kumbe flasha tulizokuwa tunazing'oa ndizo zilizokuwa zinasema kweli! (Land Rover za zamani zenye flasha ya joto hufanya kinyume: glopu ikifa, indiketa hupunguza kasi au hubaki imewaka bila kupepesa. Na ukifunga taa za LED bila kubadilisha flasha, mbio utaziona hata kama taa zote ni nzima.)

Akaichomoa ile glopu ya nyuma. Nywele yake ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye soketi: shaba imeota kutu ya kijani, ukigusa inabaki kidoleni. Hewa ya bahari hiyo. Akatoa fyuzi, akakunja kipande cha msasa, akasugua mpaka shaba ikang'aa. Taa ikawaka, ila kwa unyonge, na kila nilipokanyaga breki nayo ikawaka kidogo, wakati hakuna aliyeiwasha. "Hapo ni eathi," akasema. Umeme wa breki ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi hujipenyeza kwenye taa ya jirani. Tukainua zulia la buti, tukakuta boliti la waya wa eathi limekaa juu ya kutu na rangi. Hilo nilisugua mwenyewe. Tukapaka grisi, tukakaza, na kushoto kukawa sawa na kulia.

Baadaye indiketa zote zikazima kabisa. Zamani ningekimbilia gereji. Nikabonyeza hazadi kwanza: zikawaka zote. Basi glopu ni nzima na flasha ni nzima, kwa sababu kwenye gari hili hazadi na indiketa hutumia hizo hizo. Iliyobaki ni fyuzi ya indiketa, swichi ya usukani, au swichi ya hazadi yenyewe, maana umeme wa indiketa hupitia humo. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikaibonyeza ile hazadi na kuiachia mara kadhaa, indiketa zikarudi. Fundi aliifungua akasafisha vigusio vyake, nikalipa kazi hiyo tu.

Kwa sasa indiketa haijizimi nikirudisha usukani baada ya kona. Huo si umeme. Ni kijino cha plastiki ndani ya usukani kilichokatika, na kuufungua usukani siwezi. Nimempa fundi, ila bei tumepatana kabla hajashika bisibisi, na flasha nimemwambia asiiguse.