Shilingi 8,000, supamaketi moja na gunia la viazi

Mwisho wa mwezi ukiwadia jijini Nairobi, supamaketi hujaa watu kama kanisa siku ya Krismasi. Baba husukuma toroli, mama huchagua, na watoto hutia mikono kila rafu inayofikiwa na urefu wao. Nami kwa miaka mingi nilikuwa katika msafara huo, nikiamini kwamba mtu anayenunua vitu vya mwezi mzima kwa siku moja ndiye mwenye busara ya nyumba.

Imani hiyo ilinitoka mbele ya keshia. Baba watoto alikuwa amepunguziwa siku za kazi pale kiwandani, na pesa za chakula zikashuka kutoka Sh12,000 hadi Sh8,000. Mimi sikubadilisha chochote. Nilizunguka na toroli langu kama kawaida, nikapanga foleni, na mashine ikasema Sh9,385. Nyuma yangu walikuwa watu kama kumi hivi, miongoni mwao mama mmoja tunayeimba naye kwaya. Ilinibidi nirudishe kitu kimoja kimoja: maji ya matunda, biskuti, dawa ya kusafisha vioo, nyanya. Msichana wa keshia alimwita msimamizi aje na ufunguo kila nilipotoa kitu, na kila mara alimwita kwa sauti ya juu zaidi. Nilipofika nyumbani nilikuwa na mafuta ya kupikia ambayo kwenye rafu yaliandikwa Sh795 na kwenye risiti Sh860. Kwa aibu niliyokuwa nayo, sikuwa nimeangalia.

Basi mwezi uliofuata nilimwomba binti ya kaka yangu, anayesoma chuo kikuu na ambaye hukaa nasi wakati wa likizo, anisaidie. Wanafunzi wa chuo wanajua kuishi na pesa kidogo kuliko sisi wenye mishahara. Alicheka akasema, "Shangazi, wewe hununui vitu. Wewe unanunua supamaketi."

Ijumaa jioni tulikwenda katika supamaketi ile ile karibu na kwetu Umoja, tukiwa na kalamu na daftari na bila toroli. Hilo la kwanza ndilo lililonishangaza. Ukiingia bila toroli, mikono ikiwa mitupu, unaanza kuona mahali ulipo. Maziwa na mkate, ambavyo ndivyo vinavyomtoa mtu nyumbani, viko mwisho kabisa wa duka, ili upite kwenye kila kitu kingine kabla ya kuvifikia. Vitu vya bei ya juu vimepangwa usawa wa macho. Vya bei nafuu viko chini karibu na sakafu, na kuvichukua ni lazima uiname. Peremende ziko pale penye foleni, usawa wa macho ya mtoto aliyechoka kusubiri.

Kisha tukaanza hesabu. Mpwa wangu hakuniruhusu kuandika bei ya pakiti. Aliniamuru niandike bei ya kilo. Pakiti ya sukari ya kilo mbili ilikuwa Sh310. Ya kilo moja ilikuwa Sh150. Yaani wanaonunua pakiti kubwa wakidhani wanaokoa pesa walikuwa wakilipa Sh10 zaidi kwa sukari ile ile. Kwenye sabuni ya unga mambo yaligeuka, kubwa ikawa nafuu kwa mbali. Kwenye mchele, ule uliofungwa kwa jina la supamaketi yenyewe ulikuwa na bei ya chini kuliko ule wenye picha nzuri, na nikiusugua kwenye vidole kupitia karatasi sikuona tofauti ya punje. Hakuna kanuni hapo. Ni kugawanya tu, na simu ya mkononi inajua kugawanya.

Tuligundua jambo lingine kuhusu zile karatasi nyekundu zinazotangaza ofa. Ofa nyingine ni za kweli, na mtu asiyezitumia anajionea bure. Lakini nyingi zilikuwa juu ya vitu ambavyo sisi hatuvili. Ukinunua chupa mbili za kitu usichohitaji kwa sababu ya tatu ni ya bure, umebeba nyumbani chupa tatu za hasara.

Tulirudi na daftari limejaa, tukaligawa mara mbili. Upande mmoja vitu ambavyo supamaketi ilitushinda kwa bei: sukari, mafuta, sabuni, chumvi, majani ya chai, mchele. Duka dogo la mtaani haliwezi kushindana nao hapo, kwa sababu wao wananunua kwa malori. Upande wa pili vitu ambavyo supamaketi ilikuwa ikituuzia usafi na taa nyingi: viazi, vitunguu, kabichi, maharagwe, ndengu. Maharagwe yaliyofungwa yalikuwa Sh220 kilo. Viazi, vilivyooshwa vikang'aa, Sh100 kilo.

"Kesho," mpwa wangu akasema, "tunaamka saa kumi na moja."

Asiyewahi kufika Marikiti alfajiri hajaijua Nairobi. Jina lake rasmi ni Soko la Wakulima, liko kando ya barabara ya Haile Selassie, na kutoka Eastlands matatu za Jogoo Road humshusha mtu hapo jirani, Muthurwa. Nauli yetu asubuhi hiyo ilikuwa Sh50 kila mmoja. Kulikuwa bado na giza, lakini malori yalikuwa yamekwisha kufika na nusu ya kazi imefanyika. Viazi kutoka Kinangop. Ndizi kutoka Kisii na Meru. Nyanya kutoka Mwea na Loitoktok. Vitunguu na machungwa yaliyovuka mpaka wa Namanga kutoka Tanzania, yakiwa yamesafiri mbali kuliko wengi wetu tuliosimama kuyapigia bei. Mahamali wanapita mbio na magunia mgongoni wakipiga mluzi, na usipowapisha utajilaumu mwenyewe. Chini ni matope na majani ya kabichi. Vaa viatu vya mvua hata kama ni kiangazi, na pesa usiweke mfukoni.

Hapa ndipo nilipoona kosa ambalo wengi wetu hufanya. Marikiti ni soko la jumla. Mtu anayekwenda kununua nyanya sita atauziwa kwa bei ya mtaani, atalipa nauli, na atarudi nyumbani akiwa amepata hasara na matope. Mimi mwenyewe niliwahi kununua ndoo nzima ya nyanya kwa tamaa ya bei, na kwa kuwa jokofu letu ni dogo, nusu yake iliozea jikoni kabla ya Alhamisi. Bei ya chini ya kitu kinachooza si bei ya chini.

Kwa hiyo safari hii tulikwenda tukiwa watatu, ingawa miguu ilikuwa ya wawili. Majirani zangu wawili wa ploti walikuwa wametoa pesa zao jioni ili tununue gunia moja la viazi na kugawana. Sheria siku hizi inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, baada ya wakulima kulalamika miaka mingi kuhusu lumbesa, yale magunia yanayoongezewa kilemba juu hadi yanafanana na mjamzito. Mpwa wangu aliomba lipimwe. Mwuzaji, kijana mwenye kofia ya sufi, alikasirika kidogo.

"Mama, hamniamini?"

"Tunakuamini, mwanangu," nikamwambia, "lakini tuko wenye nyumba tatu, na huko nyumbani hawataniamini mimi."

Alicheka, akaliweka kwenye mizani. Kilo 50 kamili. Tukalipa Sh2,600, tukaliacha kwake, tukanunua vitunguu na kabichi, kisha tukashika njia ya miguu kuelekea Nyamakima.

Nyamakima iko upande wa River Road, na wageni wakisikia jina hudhani wanapelekwa buchani. Wanakuta nafaka. Maduka yamepanga magunia mlangoni, midomo imekunjwa wazi: maharagwe mekundu, ya manjano na ya madoadoa, ndengu, njugu, mahindi meupe, wimbi. Unaruhusiwa kutia mkono, na utie mkono. Tulipata maharagwe kwa Sh140 kilo, tukachukua kilo tano. Ukilinganisha na zile Sh220 za supamaketi, kwa gunia hilo moja tuliokoa Sh400, ambazo zilikuwa zimelipa nauli yetu ya kwenda na kurudi mara mbili.

Lakini hapo mpwa wangu alinizuia kufanya upumbavu. Duka moja lilikuwa likiuza mahindi kwa gorogoro kwa bei ya chini mno kuliko majirani wake. Nilikuwa tayari nimekwisha kufungua mkoba. Yeye alichukua konzi, akanusa, akaumia punje moja kwa meno. Ililainika badala ya kuvunjika. "Haya hayajakauka, Shangazi," akasema polepole ili mwenye duka asisikie. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu tunayoiita sumukuvu, ambayo kuosha wala kupika hakuiondoi. Mwaka wa 2004, watu zaidi ya 100 walifariki katika wilaya za Ukambani kwa kula mahindi ya namna hiyo. Tukaondoka. Tulinunua katika duka la tatu, kwa Sh100 kila gorogoro, mahindi makavu yanayolia kama changarawe ukiyamimina.

Kusaga, kinu cha mtaani kwetu kilitutoza Sh20 kwa gorogoro. Kwa hiyo unga wa takriban kilo mbili ulitusimamia Sh120, ilhali pakiti ya supamaketi ya kilo mbili ilikuwa Sh140. Si akiba kubwa, nakiri, na unga wa kinu haukai muda mrefu kwa sababu kiini cha mahindi hakikutolewa. Ukizidisha mwezi huanza kuwa mchungu. Faida yake ni kwamba ugali wake hushibisha, na watoto hawaombi tena saa mbili baadaye. Wengi tunakumbuka mwaka wa 2017 unga ulipopanda hadi serikali ikaingilia kati na kuuza pakiti ya kilo mbili kwa Sh90, na tena 2022 kwa Sh100, na jinsi pakiti hizo zilivyokuwa zikiisha kabla ya foleni kufika nusu. Wenye gorogoro zao nyumbani hawakupanga foleni.

Tuliporudi Marikiti kuchukua viazi, hamali alitaka Sh100 kuvifikisha kwenye matatu, na utingo akataka Sh150 kwa kiti ambacho gunia lilikalia. Ongeza hapo bei yenyewe, jumla ni Sh2,850. Kila nyumba ikalipa Sh950, na kilo moja ikatusimamia Sh57 hadi mlangoni.

Mchana ndipo tulipoingia supamaketi, wakati watu wamepungua, tukiwa tumekwisha kula. Kula kwanza si mzaha. Mwenye njaa hununua kwa macho. Tulibeba kiondo chetu, maana tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 tumekuwa tukilipia mifuko kila safari na kuijaza kabatini. Tulichukua yaliyoandikwa kwenye daftari na hakuna zaidi. Kwa keshia, mpwa wangu alisimama upande wa mashine akisoma kila bei inapotokea. Kwenye mafuta ikatokea ile ile, rafu ikisema hivi na mashine ikisema vingine.

Mwezi uliopita ningenyamaza. Safari hii nilisema, kwa upole, kwamba nitalipa bei iliyo kwenye rafu. Watu nyuma yetu walianza kuguna. Msimamizi alikuja, akaenda kutazama, akarudi, akapunguza bila neno. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki zake, lakini sikukitaja. Kutaja rafu kulitosha.

Nisije nikaonekana ninamsahau mama mboga wa pale kona. Sukumawiki na nyanya bado nanunua kwake kila jioni. Kwa kilo, yeye ni ghali kuliko Marikiti, na mpwa wangu alitaka nimwache. Nilikataa. Ananiuzia za Sh20 zinazoisha usiku huo huo, kwa hiyo hakuna kinachooza, na ile wiki ambayo mshahara ulichelewa siku tisa, yeye ndiye aliyeniandika kwenye daftari lake. Hakuna supamaketi itakayoniandika.

Jioni tulijumlisha. Nauli, kusaga, hamali, kila kitu: Sh6,870. Zilikuwa zimebaki Sh1,130. Kijana wetu wa Kidato cha Nne alikuwa anadaiwa Sh1,000 za mtihani wa majaribio, pesa ambazo mimi na baba yake tulikuwa tumezizungumzia usiku kwa kunong'ona ili asisikie. Nilizituma kwa M-Pesa kabla hata ya kuvua viatu.

Kisha tukamwaga viazi sakafuni, majirani wakaleta ndoo zao, na ugomvi ukaanza, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kuona kwamba vikubwa vilikuwa upande wangu.