Mama Akionekana Anatembea

Lushoto, mwezi wa tatu

Mwanangu mpenzi,

Sisi wazima, mvua za masika zimeshaanza, na njia ya kupandia Magamba kila asubuhi inang'aa kwa tope. Baba yako amenipigia simu kunieleza kwamba umejiandikisha mbio za mlimani mwezi ujao, na kwamba ukoo mzima unapanda basi kuja kukutazama: mama yako, mumeo, watoto wote wawili na mama mkwe wako. Nimefurahi mno. Nakuandikia mapema kwa sababu umezoea lami ya Dar es Salaam, na huku utakapopita hakuna lami.

Nianze na hao watazamaji, maana wao wanaweza kukuponza kuliko tope. Miaka ile nilipokuwa nikiwaandaa watoto wa riadha kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, jambo moja lilijirudia kila msimu. Mtoto anakimbia vizuri, kwa kasi yake mwenyewe, mpaka anafika pale walipokaa wazazi. Hapo anafyatuka. Akishawapita kidogo tu, pumzi imekata, na wale aliowaacha nyuma wanampita mmoja mmoja. Watu wazima nao ni hivyo hivyo, na mlimani hasara yake ni kubwa zaidi kwa kuwa hakuna sehemu tambarare ya kurudishia pumzi.

Kwa hiyo ujue tangu sasa: penye mwinuko mkali utatembea. Hata mabingwa wa mbio za milimani hutembea mlima unapokaza, viganja juu ya mapaja, mgongo umeinama kidogo, hatua fupi. Mwinuko ukishakuwa mkali sana, kutembea kunakula nguvu kidogo kuliko kujilazimisha kukimbia kwa mwendo ule ule. Waeleze nyumbani kabla ya siku, hasa watoto, wasije wakakuona unatembea wakadhani mama ameshindwa, wakaanza kukupigia kelele ukimbie. Mama mkwe mweleze wewe mwenyewe, kwa heshima zote. Usimwachie mumeo kazi hiyo.

Sasa tope. Udongo wetu ni mfinyanzi mwekundu. Mvua ikinyesha usiku mmoja baada ya jua la siku nyingi, juu panakuwa na utando unaoteleza huku chini pakiwa bado pagumu, na hapo ndipo watu wanapoanguka vibaya. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, tope linashika viatu na mguu unakuwa mzito. Hilo linachosha, ila haliangushi sana. Viatu vyako vya lami viache Dar. Tafuta vyenye meno marefu yaliyoachana, ili tope lisigande kati yake, na uvizoeze miguuni kabla ya kuja. Kata kucha mapema pia, kwa sababu kwenye mteremko vidole vinasukumwa mbele na kucha hugeuka nyeusi.

Mkifika siku mbili kabla, nitakupeleka njiani asubuhi ya soko ukawatazame akina mama wanaoshuka na matenga ya mboga kichwani. Tazama magoti yao, hayakazwi hata mara moja. Hatua zao ni fupi na za haraka, unyayo wote unagusa chini, na hakuna anayefunga breki katikati ya mteremko. Mgeni huogopa, akaegemea nyuma na kutanguliza kisigino, na kisigino kwenye mfinyanzi hakina pa kushika. Wewe fuata mteremko, inama mbele kidogo, mikono ipanuke, macho yatangulie hatua tatu au nne. Katikati ya njia patakuwa pamevurugwa na waliokutangulia, basi pita pembeni penye majani. Mizizi iliyolowa usiikanyage, iruke.

Ndiyo maana nimekataa ule mpango wa baba yako wa kuwasimamisha wote chini ya mteremko wa mwisho, eti picha zitatoka vizuri. Mtoto akiita "Mama!" pale, utainua macho, na mguu utakuwa umeshakwenda. Wakae juu mwinuko unapoishia, ambako utafika umechoka na unatembea, na wana nafasi ya kukupa maji na kukutazama usoni. Mimi nitakuwa nao.

Mumeo nimemtengea kazi. Abebe mfuko wenye sweta, soksi kavu, kanga mbili na chupa ya chai yenye sukari, na asiuweke chini. Milima ya Magamba inapita mita 2,200, na mtu aliyelowa jasho na mvua akisimama kwenye upepo hupoa upesi sana. Mwezi Mei 2021, mkoani Gansu, China, watu 172 walianza mbio za mlimani za kilomita 100, wengi wakiwa na kaptura na fulana nyepesi. Mvua, upepo na baridi vikawakuta juu. Walikufa 21, akiwamo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji hodari wa nchi ile. Mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, aliwaokoa sita katika pango alimojikinga, akawakokea moto, wakapona. Baridi ya kwetu si kali kama ile, lakini koti la mvua utakimbia nalo kiunoni, hata asubuhi ikiwa na jua.

Najua kuna mtu atakutajia John Stephen Akhwari. Mimi namheshimu sana mzee yule. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 aliumia goti, akafungwa bandeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Lakini alikuwa kwenye barabara ya mji, mbele ya watu. Wewe ukiteguka kifundo cha mguu ndani ya msitu, ukungu umeshuka, rudi au kaa pale walipo waongozaji. Mbele ya wanao usione aibu kusema umeishia hapo. Mimi nitawaeleza, na mama yako nimeshazungumza naye.

Jambo la mwisho ni tiketi za kurudi. Mbio ni Jumamosi, na baba yako anataka muondoke Jumapili alfajiri. Mwambie akate za Jumanne. Kuteremka mlima kunaumiza misuli ya mapaja, na maumivu yenyewe huja kesho yake na keshokutwa. Siku hizo kukaa kwenye kiti cha basi kutoka hapa mpaka Dar utakuona kugumu kuliko mbio zenyewe. Vitanda vipo, na watoto hawajaiona Irente.

Nijulishe mtafika lini.

Shangazi yako